Shajara ya mradi: mkono wa kulia katika horni nne za okestra

Lengo

Mradi huu una kazi moja: kuhakikisha mkono wa kulia wa kila mpigaji katika kundi la horni nne (ala za shaba za kupuliza) unakaa mahali palepale kila unapoingia ndani ya ala, kisha kutuni ala kwa kuufuata mkono huo, na mwishowe kuzitoa noti za kuziba na za mwangwi zikiwa na kimo (ujuu wa sauti) sahihi. Wengi hufanya kinyume. Huvuta mirija ya kutuni mpaka kipimo cha sauti kikubali, halafu mkono unaingia popote unapoingia. Kesho yake mkono umesogea kidogo tu, kipimo kinakataa, na mirija inavutwa tena. Kundi zima linaishia kukimbizana. Mkono ulio ndani ya horni ni sehemu ya mrija, na mrija hautuniwi kabla haujakamilika.

Maneno tunayotumia humu: domo ni ule mwisho mpana wa horni, wenye kipenyo cha sentimita 30 hivi. Kipulizio ni kipande kinachogusa midomo. Horni inayozungumziwa ni ile ya pande mbili, F na B flati. Upande wa F una mrija wa karibu mita 3.7, wa B flati karibu mita 2.75, na kidole gumba cha kushoto ndicho kinachochagua upande. Majina yote ya noti ni kama yalivyoandikwa kwenye karatasi ya horni ya F, kwa ufunguo wa G. Kinachosikika huwa kwinti kamili chini yake. Senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni. Noti ya kuziba hupigwa domo likiwa limefungwa kabisa kwa mkono, ya mwangwi likiwa limefungwa karibu robo tatu.

Kiti, paja na mkono wa kushoto (imekamilika)

Haya yalibidi yamalizwe kwanza, kwa sababu mkono wa kulia uliobeba mzigo hauwezi kufanya kazi nyingine.

Kukaa ni mbele ya kiti, mgongo haujaegemea, nyayo zote mbili sakafuni. Horni ndiyo inayoletwa mdomoni. Kichwa hakifuati horni. Anayeliweka domo juu ya paja hulipeleka paja la kulia nje kidogo, ili ukingo wa domo ukae upande wa nje wa paja na domo litazame nyuma kuliani. Domo likielekea tumboni, nguo na mwili vinakula sauti, na mpigaji hulipiza kwa kupuliza kwa nguvu zaidi ya inayohitajika. Mtu mrefu akiliweka domo pajani hujikuta ameinama, shingo imejikunja na pumzi imebanwa. Kwa huyo tumeondoa domo pajani kabisa. Mtu mfupi hupata tatizo la pili: mrija wa mwanzo unapanda juu mno, na kipulizio kinasukuma mdomo wa juu. Tiba yake ni ileile, kulishika domo hewani.

Mkono wa kushoto: vidole vimejikunja, nyama ya ncha za vidole juu ya vibonyezo, kidole kidogo ndani ya kulabu yake. Kulabu hiyo ni ya kutulizia ala tu. Anayeivuta ili kuongeza shinikizo la kipulizio atazipata noti za juu kwa muda mfupi, kisha midomo inavimba na noti hizo hizo zinakimbia. Kipulizio kwa wengi hukaa theluthi mbili juu ya mdomo wa juu na theluthi moja chini, pembe za midomo zikiwa imara na kidevu kikiwa kimenyooka. Hatukugusa zaidi ya hapo. Midomo ina mradi wake.

Kuunda mkono (imekamilika, inakaguliwa kila mazoezi)

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na bado tunaona ulistahili.

Vua pete na saa. Osha mkono, ukaushe. Nyoosha vidole vinne vibanane pasipo mwanya hata mmoja, lakini visikakamae. Kidole gumba kilaze ubavuni mwa kidole cha shahada, kikiwa kimeziba ule uwazi ulio kati yake na kiganja. Sasa kikunje kiganja kidogo, kama cha mtu anayechota maji. Umbo hilo lisibadilike tena mpaka mkono utoke.

Ingiza mkono ukiwa wima, kidole gumba juu. Kucha na migongo ya vidole ndivyo vinavyogusa ukuta wa domo, na ukuta wenyewe ni ule ulio mbali na mwili. Kiganja kinatazama mwili. Kati ya kiganja na ukuta wa upande wa mwili unabaki uwazi, na sauti inatoka kupitia hapo. Anayepiga amesimama, au ameliondoa domo pajani, uzito wa domo unakaa juu ya kidole gumba na kifundo cha chini cha kidole cha shahada. Ukikaa kwenye ncha za vidole, vidole vitaachana vyenyewe baada ya kurasa mbili tatu.

Swali linaloulizwa mno ni kina: mkono uingie mpaka wapi? Hakuna sentimita za kutaja, maana mikono hailingani. Kipo kipimo kimoja tu tunachokiamini. Mkono ukiwa wazi, acha vidole palepale vilipo na ulete kitako cha kiganja kwenye ukuta wa upande wa mwili. Domo likizibika kabisa kwa mwendo huo mmoja, mkono uko mahali pake. Ikibidi kuusukuma ndani zaidi ndipo lizibike, basi ulikuwa nje mno hata ulipokuwa wazi. Kama kitako cha kiganja kinagonga ukuta kabla ya kuanza kusogea, umezama mno. Kwa kipimo hiki mkono mdogo utajikuta ndani zaidi na mkono mkubwa nje zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Makosa yanayorudi, kwa mpangilio wa usumbufu wake:

Kifundo cha mkono kukunjika kuelekea ndani. Kiganja kinaanza kufunika uwazi, sauti inashuka na kufifia, na mpigaji hajui kwa nini. Hutokea hasa mwisho wa mazoezi, bega likichoka. Kiwiko kikirudi mbali kidogo na mbavu, kifundo hunyooka.

Vidole kuachana. Sauti inakuwa kali, inapanda, na noti za kuziba hazizibi.

Mkono kulala chini, kwenye sakafu ya domo, badala ya kugusa ukuta wa nje. Unaonekana umeingia vizuri, lakini haufanyi kazi yoyote: hauzibi wala hauongozi.

Mkono kuhama baada ya kimya kirefu. Mtu amehesabu mapumziko ya kurasa nzima, mkono umetoka, na unarudi haraka kwa ajili ya noti ya kwanza. Tumekubaliana mkono urudi mahali pake angalau bari nne (vipande vinne vya hesabu ya mapigo) kabla ya kuingia, na upimwe kwa kile kitako cha kiganja kimyakimya.

Kwa nini mkono unabadilisha kila kitu

Tumeliandika hili kwa sababu anayelielewa hujirekebisha mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa.

Noti ya horni inasimama kwa sababu wimbi la sauti linasafiri mpaka domoni, sehemu yake inarudi, na kule kurudi kunaikuta midomo ikitetemeka kwa mwendo huohuo. Mawimbi ya chini hurudi vizuri. Ya juu hupenya na kutoka, kwa kuwa domo ni pana. Mkono unapolipunguza domo, mawimbi ya juu nayo yanarudishwa, na noti za juu zinapata mahali pa kukamata. Ndiyo sababu mtu anayepiga bila mkono huona noti za juu zinateleza: midomo haipati jibu la kueleweka kutoka ndani ya mrija. Mkono pia unapunguza ukali wa sauti na kuishusha. Watengenezaji wa horni wanalijua hilo, na ala hutengenezwa ikidhaniwa kwamba mkono umo ndani. Horni isiyo na mkono husikika juu, na hilo si kosa la ala.

Kanuni mbili zinatosha kwa kazi ya kila siku: mkono ukifunga kidogo, sauti inashuka na kuwa nzito, ukifungua kidogo, inapanda na kung'aa. Kwa hiyo watu wawili wenye horni za aina moja, vipulizio vya aina moja na mikono tofauti watatofautiana kimo na rangi ya sauti kwa pamoja. Kuwalinganisha kwa kuvuta mirija peke yake kutaponya kimo na kuiacha rangi kama ilivyokuwa.

Mkono huu ni mzee kuliko vali, yaani milango inayofunguliwa na vibonyezo ili kuurefusha mrija. Anton Joseph Hampel, mpiga horni wa Dresden, Ujerumani, ndiye anayetajwa kuupa utaratibu, katikati ya karne ya 18, horni ilipokuwa mrija mtupu wenye noti zake za asili peke yake. Hataza ya vali ya Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel ni ya mwaka 1818. Vali zilipokuja zilimkuta mkono wa kulia ana kazi tayari, na vibonyezo vikaenda kushoto.

Kutuni upya (imekamilika kwa ala tatu, moja bado)

Ala ipashwe moto kwanza kwa kupiga. Kimo hupanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi ya hewa iliyomo ndani, kwa hiyo kutuni horni baridi ni kupoteza muda.

Noti ya kuanzia ni C ya nafasi ya tatu. Tumeichagua kwa sababu hutoka bila kubonyeza vali yoyote ya vidole kwa pande zote mbili: upande wa F ni harmoniki ya 8 (harmoniki ni noti za asili za mrija, zikihesabiwa kuanzia ya chini kabisa), upande wa B flati ni harmoniki ya 6. Zikilinganishwa kwa hesabu hutofautiana senti 2 tu, tofauti ambayo sikio haliisumbukii. Mkono uko mahali pake, macho hayatazami kipimo. Piga C kwa upande wa B flati mpaka itulie, kisha tazama. Rekebisha kwa mrija mkuu. Halafu bila kuondoa mdomo badilisha kidole gumba uende upande wa F, na rekebisha kwa mrija wa F peke yake mpaka kusiwe na mruko. Rudia kwa G ya mstari wa pili, upande wa F.

Macho yasitazame kipimo mapema kwa sababu midomo hukifuata. Mpigaji anaiona sindano iko chini, anaipandisha kwa midomo, anaridhika, na mrija unabaki pabaya.

Vali zinafuata. Vali ya 2 inashusha nusu toni, ya 1 toni nzima, ya 3 toni moja na nusu. Kila mrija wa vali umepimwa kwa horni yenye urefu wake wa awali. Vali mbili zikibonyezwa pamoja, ya pili inaukuta mrija umesharefuka, na nyongeza yake haitoshi. Kama kila vali imetuniwa barabara peke yake, 1 na 2 pamoja hutoka juu kwa senti 11 hivi, 2 na 3 kwa senti 15, 1 na 3 kwa senti 30, na zote tatu kwa zaidi ya senti 50. Kwa hiyo tumeuvuta mrija wa vali ya 3 kidogo zaidi, ili 2 na 3 itoke sawa, kwa kuwa vali ya 3 haitumiki peke yake mara nyingi. Kinachobaki katika 1 na 3 kinashushwa na midomo, na mkono husaidia kwa kufunga kidogo sana.

Ala ambayo haijamalizika ina upande wa F ulio chini hata mrija wake ukiwa umesukumwa wote. Upande wa B flati uko sawa. Kabla ya kumpelekea fundi, tunapima tena mkono: mkono uliofunga mno hushusha pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja ukiwa sawa na mwingine chini, inafaa pia kutazama kama mrija mkuu ulivutwa kupita kiasi kwa ajili ya kuushusha upande wa B flati uliokuwa juu.

Kuziba (inaendelea)

Kwenye karatasi noti ya kuziba huwa na alama ya + juu yake, na duara dogo huirudisha wazi. Wajerumani huandika gestopft, Wafaransa bouché. Palipoandikwa con sordino au mit Dämpfer kinatakiwa kizibo cha kuchomeka, na hicho cha kawaida hakibadilishi vidole. Kuvichanganya viwili hivi kunampeleka mpigaji nusu toni pembeni mbele ya watu.

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba kuziba kabisa hupandisha sauti nusu toni, kwa hiyo upande wa F apige kwa vidole vya noti iliyo nusu toni chini. C ya nafasi ya tatu: vali 2. B: vali 1. B flati: 1 na 2. A: 2 na 3. A flati: bila vali. G: 2. F shapu: 1. F: bila vali. Jedwali hilo ni sahihi na tunalitumia. Lakini mkono unapofunga polepole sauti inashuka, na hapo watu huchanganyikiwa: imeshukaje, kisha ikapanda?

Zoezi linalolimaliza suala hili ni la pumzi moja. Chukua G ya mstari wa pili, upande wa F, bila vali. Hiyo ni harmoniki ya 6. Puliza kwa sauti ya wastani na funga mkono polepole sana, midomo iifuate sauti inakokwenda. Itashuka bila kukatika: F shapu, na ikifungwa kabisa, F. Hapo ilipofikia ni nusu toni juu ya E, yaani nusu toni juu ya harmoniki ya 5. Rudia kwa E hiyo: itateremka mpaka C shapu, nusu toni juu ya C ya chini yake. Kila harmoniki inashuka mpaka kukaribia jirani wa chini na kusimama nusu toni juu yake. Anayeziba ghafla huku midomo imeshikilia E husikia F, na kudhani E imepanda. Kwa kweli E imekwenda zake C shapu, na midomo imedakwa na G iliyoshuka. Mpigaji aliyelipitia zoezi hili kwa masikio yake haogopi tena noti ya kuziba, kwa kuwa anajua iko wapi kabla hajaipiga.

Upande wa B flati hatuutumii kwa kuziba. Mrija wake ni mfupi, mkono uleule unachukua sehemu kubwa zaidi ya urefu, na badiliko linakuwa kama robo tatu ya toni, ambalo halina vidole vya kulitibu. Ala chache zina vali ya ziada ya kurekebisha hilo, zetu hazina.

Yanayoharibika:

Sauti inayumba baina ya noti mbili na kutoa mvumo wa hewa. Kuna pengo. Mara tisa kati ya kumi liko chini ya kidole gumba. Lizibe hapo kwanza kabla ya kukaza mkono wote.

Sauti imetulia lakini iko juu. Mkono umezama mno na kuufupisha mrija. Utoe kidogo, uzibe tena.

Sauti imeziba lakini haina ule mlio mkali wa shaba. Pumzi ni ndogo. Uwazi umefungwa, upinzani umeongezeka, na hewa inatakiwa iende kwa kasi kubwa zaidi kuliko noti ya wazi yenye nguvu hiyohiyo. Hata kuziba kwa sauti ndogo kunataka hewa yenye msukumo.

Noti ya wazi inayofuata noti ya kuziba inatoka chini. Mkono umefunguka nusu. Tunafanyia kazi hili kwa kupiga C wazi bila vali na C ya kuziba kwa vali 2, zikipokezana polepole, mtu wa pili akiwa ameshikilia C wazi bila kubadilika. Kitako cha kiganja kiende na kurudi; vidole visisogee. Pakisikika mpigo wa mawimbi kati ya sauti mbili, mkono haujarudi nyumbani.

Hali ilivyo: noti kuanzia F ya nafasi ya kwanza kwenda juu zinaziba vizuri kwa wote wanne. Chini ya C iliyo chini ya mistari mitano mkono hauzibi kwa uhakika kwa yeyote.

Mwangwi

Mkono unafungwa karibu robo tatu, si wote. Sauti inashuka nusu toni hivi na kuwa ya mbali, laini, isiyo na mlio wa shaba. Vidole ni kinyume cha kuziba: chukua vya noti iliyo nusu toni juu. Hapa hakuna ukuta wa kuugonga ili ujue umefika, kwa hiyo ni sikio tu. Tumefanya hivi: mmoja anashikilia B wazi kwa sauti ndogo, mwingine anaanza na C na kufunga mpaka zikutane. Anapofika, anaukumbuka mkono kwa mguso wa kitako cha kiganja. Anayekwenda mbele ya hapo huvuka kuingia kwenye kuziba, na rangi inageuka papo hapo.

Bila vali

Kila mazoezi huanza kwa muda mfupi wa kupiga upande wa F bila kugusa vibonyezo. Hakuna kinachofundisha mkono haraka kuliko hiki. Noti za asili zina tabia zake: harmoniki ya 5 iko chini kwa senti 14, ya 7 kwa senti 31. Ya 11 inaangukia katikati kabisa ya F na F shapu. Ya 13 iko kati ya A flati na A, ikielemea A flati. Kuipata F, mkono unaifunga ya 11 kwa robo toni. Kuipata A, ya 13 inafunguliwa mkono kadiri inavyowezekana na midomo inamalizia. B ya mstari wa tatu hutokana na C iliyofungwa nusu toni. Skeli nzima ikipigwa hivi inatoka na rangi mbili, noti zilizo wazi na zilizofunikwa, na lengo la zoezi ni kuzisogeza rangi hizo ziwe karibu kwa kupunguza nguvu kwenye zilizo wazi.

Hii si kazi ya makumbusho. Brahms aliandika trio yake ya opus 40 mwaka 1865 akiitaka horni isiyo na vali, wakati vali zilikuwepo tayari kwa miongo kadhaa. Britten, katika serenade yake ya mwaka 1943 kwa mwimbaji wa tena (sauti ya juu ya kiume), horni na ala za nyuzi, ameagiza mwanzo na mwisho upigwe kwa harmoniki za asili, na hapo ya 11 inaachwa ilivyo. Mkono uliozoea kuirekebisha lazima ujue pia kuiacha.

Kundi likikaa pamoja (inaendelea)

Kwa desturi horni ya kwanza na ya tatu hubeba noti za juu, ya pili na ya nne za chini. Kosa la kwanza tulilolikuta ni la kimazingira: domo linatazama nyuma kuliani, kwa hiyo kila mtu anamsikia jirani mmoja zaidi ya mwingine, na ukuta ulio karibu nyuma humfanya aliye mbele yake asikike mkali. Tumewasogeza viti kutoka ukutani na kuacha nafasi ya mkono kupita kati ya domo na kiti cha jirani.

Akordi ya C, E, G tunaipanga kuanzia C ya chini, kisha G, mwisho E. E hiyo inatakiwa senti 14 chini ya kipimo cha kawaida. Aliyepewa E ya nafasi ya nne akiipiga upande wa F bila vali, ambayo ni harmoniki ya 10, inakuja chini kwa kiasi hichohicho bila juhudi. Akiipiga upande wa B flati kwa vali 2, kama wengi wanavyofanya kwa usalama, inatoka juu na ni lazima aishushe. Tumemwandikia akordi ndefu aipige upande wa F, za haraka abaki B flati. Mkono wake hausogei kwa ajili ya akordi. Mkono ukianza kuzunguka kutafuta kila noti, rangi ya kundi inavurugika.

Usafi

Jasho la mkono hula laka ndani ya domo na kuacha doa pale vidole vinapokaa. Pasipo laka, shaba inageuka nyeusi au kijani na harufu yake inabaki mkononi. Pangusa sehemu hiyo kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Maji ya pumzi hujikusanya pia karibu na domo, na mkono ukihisi unyevu wa ghafla, zungusha ala uyamwage kabla hayajaanza kukoroma ndani ya noti ndogo.

Kinachobaki

Noti za kuziba zilizo chini zitapigwa kwa kizibo cha shaba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye shingo nyembamba inayoingia ndani ya domo. Hiki nacho kinabadilisha kimo kama mkono unavyofanya, kwa hiyo vidole vya nusu toni chini vinabaki vilevile. Kinachohitaji kupangwa ni muda wa kukiingiza. Kinafungwa kamba ya kitanzi na kuning'inia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mkono ukiendelea na kazi yake, na kinaingizwa kwa kusokota kidogo ili kisidondoke. Mstari wa bari moja wa tempo ya wastani unatosha kwa aliyezoea. Pale ambapo mtunzi hakuacha hata bari hiyo, horni ya nne itaziba kwa kizibo tangu mwanzo wa sehemu, na horni ya pili itachukua noti zake za wazi zinazotangulia. Penseli imeshapita kwenye karatasi za wote wawili: alama ya + kwa mkono, + ndani ya mraba kwa kizibo cha shaba, na vidole vya kuziba vimeandikwa juu ya kila noti iliyo chini ya G.